Uboho Niliomnyima Dada Yangu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo Thika, nikiishi Makongeni. Dada yangu mkubwa, Wambui, alikuwa fundi wa cherehani kule Gitothua, Ruiru. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha.

Basi Wambui akashikwa na saratani ya damu. Daktari wa Nairobi akatueleza kwamba angeweza kupona kama angepelekwa ng'ambo, awekewe uboho wa mtu mwingine, yaani ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Lakini sharti wawili hao walingane, na wa kupimwa kwanza ni ndugu wa tumbo moja. Tulikuwa wawili tu.

Mimi nilikuwa nimechumbia. Wenzangu kazini wakaniambia, "Wee, ukitobolewa mgongo hutazaa." Nikawaamini watu wasiojua kitu, kwa kuwa maneno yao yalinipa pa kutorokea. Siku ya kupimwa nilifika hospitalini, nikamwambia daktari sitaki.

Alikuwa mzee mpole. Akanieleza kwamba sindano huchomwa kwenye mfupa wa nyonga, si uti wa mgongo, na kinachotolewa mwili hukirudisha wenyewe. Nikatikisa kichwa. Akanitazama sana.

"Siwezi kukulazimisha, wala sitakutaja," akasema. "Nitamwambia tu hatujapata wa kumfaa. Lakini kijana, hili utalibeba peke yako."

Nikapitia Ruiru. Wambui alikuwa amejilaza kwenye kiti, midomo imepauka. Nikamwambia, "Wamesema sisi hatulingani."

Akanishika mkono. "Usijilaumu, Kariuki. Hukujiumba." Akaniuliza kama nimekula, akajikongoja kunipashia githeri.

Heri angenitukana.

Alikufa kabla ya mvua ndefu. Matangani watu walinipa pole, wakasema nilifanya yote yaliyowezekana. Wahenga walisema ndugu mui heri kuwa naye. Wambui hakuipata kwangu hata heri hiyo. Nimezaa watoto wanne, na mgongo wangu ni mzima. Pengine kweli tusingelingana. Sijui, wala sitajua, na hilo ndilo linalonila. Majuto ni mjukuu, lakini wangu amezeeka pamoja nami.

Haya sijawahi kumwambia mtu. Nakwambia wewe ili usifanye kama mimi. Ukiombwa upimwe kwa ajili ya mgonjwa, awe nduguyo au mtu baki, nenda. Ukiwa na hofu, muulize daktari, si watu wa kazini. Na hofu ikikushinda kabisa, sema wazi kwamba umeogopa. Usimwache mgonjwa akufariji kwa uongo wako.

Mungu akupe ujasiri ungali na muda, mwanangu, na akuepushe na huruma ya mtu uliyemdanganya.