Siku Nilipoifukiza Meli Nzima

Nakuelezeni mwenyewe kwa mdomo wangu, maana najua mmeshaisikia, na mliyoyasikia yametiwa chumvi mpaka basi. Juzi nimesimama njiani huku Oman, pale Bidbid, kununua maji tu, mwanamke simjui hanijui akanitazama akamwambia mwenzake kwa Kiswahili, akidhani mie sifahamu, "Ndiye huyo aliyetia moto melini." Moto! Hapakuwa na moto, jamani. Palikuwa na moshi, na moshi wenyewe wa udi mzuri wa kumfukizia bibi harusi, lakini aibu niliyoipata sikuwahi kuipata tangu nizaliwe, na bora mniskie mie kuliko muwaskie wao.

Haya. Binti yangu Thuraya, yule daktari wa meno wa Nizwa, alikuwa ametakwa na kijana mmoja wa mji wa Adam, Muhannad, kijana mzuri hana neno, anasali, ana kazi yake, na wamependana (wenyewe wanasema "wanafahamiana" tu, lakini mie si mtoto). Baba yake kijana ameridhika, baba Thuraya ameridhika, aliyebaki ni mama, Umm Muhannad, Mwarabu wa Adam tangu na tangu, ambaye hakatai wala hakubali, ananyamaza tu. Tukasikia amesema ati watu waliotoka Zinjibar kama sisi hana ubaya nao, ila hajui mambo yao yakoje mpaka akae nao. Na mwanangu kwa hilo alikuwa hali wala halali, kakonda, kila siku ananipigia simu kutoka kazini, "Mama, yeye amesema nini?" Namwambia hajasema kitu, na namskia anavyovuta pumzi kule upande wa pili, roho inaniuma.

Ikatokea hiyo safari. Familia kadhaa za huku kwetu, wengi wastaafu, wamejikusanya kwenda kutembea na meli ya anasa kwenye visiwa vya Polinesia, Tahiti na Bora Bora na vyenginevyo, na wazee wa Muhannad wamo. Mume wangu (ametoka wizarani mwaka juzi, na tangu hapo kazi yake ni kunifuata jikoni) akasema, "Na sisi twende. Si anataka kukaa na sisi? Katikati ya bahari atakwenda wapi?" Nikaona kwa mara ya kwanza tangu astaafu amesema la maana.

Thuraya ananijua. Usiku wa kufunga mabegi akanitumia sauti kwenye simu, "Mama, nakuomba, hiyo udi usibeba. Meli haitaki hiyo vitu." (Kiswahili chao hawa watoto tuliowazalia huku mtanisamehe, ngeli zote wamezisaga pamoja.) Nikamjibu sawa mwanangu, huku natia udi na makaa yake ndani ya kopo la kashata, na chetezo changu kidogo cha shaba chenye mkono nakizungushia kanga.

Na safari ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Meli si meli, mtaa mzima, lifti hapa, zulia pale, na nje milima ya kijani imesimama katikati ya maji ambayo rangi yake hata ukiipiga picha watu wanakwambia umeichezea. Kila tunaposhuka tunavishwa mashada ya maua meupe yananukia kama asumini. Na sokoni Tahiti, nikayaona mashelisheli! Nikalikumbatia moja kama mtoto, machozi yakanitoka, maana mama yangu, Mungu amrehemu, amekufa hapa kwetu Ibra akilitamani shelisheli la kuchoma la Zinjibar, na mimi nimekuja kulikuta mwisho wa dunia. Wenyeji wakarimu mno, tukiondoka wananiambia "nana, nana", mie nikajua wananiheshimu, wananiita bibi, basi naitika "naam" na kusimama kusikiliza wanalotaka. Kumbe nana kwao ni kwaheri. Watu wananiaga, mie sitoki.

Umm Muhannad yeye kila asubuhi ni "sabah al-kheir" basi, kisha anakaa kwenye kiti chake na chupa yake ya kahawa ya moto (haachani nayo, maana kahawa ya melini anasema ni maji ya kuoshea kahawa) anatazama bahari. Nikimsogelea ananipa tende. Tende anatoa, maneno hatoi. Mpaka siku tuliyotia nanga Bora Bora, tumeshakula cha mchana, akanijia mwenyewe akaniambia kwa Kiarabu, maana Kiswahili hajui, "Umm Thuraya, leo baada ya asiri nitakuja chumbani kwako, tunywe kahawa."

Huo ndio mtihani wenyewe, nikajua. Nikamwandikia Thuraya, "Anakuja kwangu leo." Akaniletea vile vijipicha vya mikono inayoomba dua, mstari mzima.

Sasa, mama yangu alitulea hivi: mgeni akija, nyumba inafukizwa kwanza, chetezo kinafichwa, mgeni akiingia anakuta harufu, moshi asiuone. Nikamfukuza mume wangu aende kwa wanaume wenzake, nikatandika kanga mpya juu ya kile kimeza chao, nikapanga kashata, kisha nikatoka na chetezo changu roshani (nina akili, nilitoka nje) nikawasha kaa, nikatia udi. Upepo wa kule! Moshi wote ulikwenda moja kwa moja baharini, udi wangu wa akiba, ule niliokuwa hata shemeji zangu siwapi, nafukizia samaki. Chumbani hakuingii kitu. Nikasema moyoni, kidogo tu, nauingiza ndani na mlango nafunga moshi usipotee, mara moja natoa. Hilo kosa. Hapo ndipo ningekaa chini nikajipiga kofi, lakini nani aliyekuwepo wa kunizuia?

Nikafukiza mito. Nikafukiza pazia. Nikapitisha chini ya abaya yangu, nikapitisha na chini ya shela. Chumba kikapendeza, kimejaa moshi mweupe mzuri, najiona nipo nyumbani, na kile kidude cha kunusa moshi kilichopo darini kiko kimya (mie nilidhani taa, baadaye ndio wakaniambia kilikuwa kibovu). Mara ko ko ko. Kumbe mwenzangu ameshasali, ametoka mapema. Na mie kwa kiherehere, badala ya kukiweka chetezo msalani, nikafungua mlango nacho mkononi, kinafuka, nikasema, "Ahlan wa sahlan!"

Nyinyi mnajua, lakini asiyejua nimwambie. Huku kwetu Oman chetezo hakitangulii kahawa. Mgeni anakunywa, anakula, mnazungumza, mwisho ndio analetewa udi ajifukize, na ukishaletewa udi maana yake ziara imekwisha, tafuta viatu vyako. Kumpokea mtu mlangoni na chetezo ni kumwambia rudi ulikotoka. Na mie nakijua hiki kitu, nimekulia Ibra, nimekifanya maisha yangu yote!

Umm Muhannad akakitazama chetezo, akanitazama mie. Chupa yake ya kahawa kaikumbatia kifuani. Akasema polepole, "Nimekuja wakati mbaya?"

Nimefungua mdomo nimwambie wallahi la, king'ora kikalia. Maana nilipofungua mlango, moshi wangu wote ulipata njia, ukatoka ukumbini kama maji ya mfereji wa falaji, na vidude vyote vya ule ukumbi vikaunusa kwa pamoja. Milango ikafunguka. Sauti kutoka juu ikasema kwa Kiingereza tuvae majaketi ya kujiokolea tukakusanyike sitahani, na kwamba haya si mazoezi. Umm Muhannad akanishika mkono akanivuta, "Yalla, moto!" Na mie siwezi kumwambia moto wenyewe ninao mkononi. Chetezo siwezi kukiacha chumbani kisije kikaunguza kweli. Nikakitia chini ya abaya, tukakimbia.

Sitahani, jamani, yarabi nisitiri. Watu wametoka kama walivyo, wengine na nguo za kuogelea zinachuruzika maji, mzee mmoja ndevu kanyoa upande mmoja, na kile kikundi cha ngoma cha kisiwani kilichopanda kutuchezea usiku, wanaume wazima na sketi zao za majani, wamekaa chini kwa safu na majaketi ya rangi ya chungwa. Kila mtu hofu. Mabaharia wanakwenda mbio na mirija ya maji wanautafuta moto na hawauoni. Mume wangu kanijia anapenya watu, "Mama Thuraya, u mzima?" Nikamwambia usiniguse. Maana chetezo kinanichoma tumbo, na udi mzuri tabu yake hauzimi upesi.

Bibi mmoja wa Kizungu aliyesimama ubavuni kwangu akaanza kunusa. Akanusa hapa, akanusa pale, akageuka akanitazama, kisha akapiga ukelele sitahani nzima ikaskia, "Huyu mama anatoka moshi!"

Nikatazama chini. Moshi unanitoka shingoni, unanitoka mikononi, unanitoka chini ya pindo la abaya, mwingi, mweupe, umetulia. Watu wakarudi nyuma, nikabaki peke yangu katikati. Afisa mmoja anakuja mbio na mtungi wa kuzimia moto amenielekezea mimi, na hapo Umm Muhannad akafungua chupa yake, akanipandisha abaya kwa mkono mmoja na kwa mwengine akamimina kahawa yote ndani ya chetezo. Pshhhhh! Harufu ya iliki na udi ikajaa mpaka juu kwenye dohani za meli. Yule afisa akasimama, mtungi bado ameushika, anatutazama, wanawake wawili wenye nguo nyeusi, mmoja na chetezo kinachodondoka kahawa, mmoja na chupa tupu. Akauliza, "Hiki cha nani?"

Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akaitazama bahari. Nikasema, "Changu."

Wakaanza wale wa sketi za majani. Mmoja alicheka mpaka akalala chali na jaketi lake, kisha meli nzima ikapokea, na nahodha naye akatangaza kwenye spika kwamba hakuna hatari, ni mgeni mmoja alikuwa anajitia manukato. Chetezo kikachukuliwa. Mpaka mwisho wa safari nikipita sehemu ya kula watu wananipungia mikono na kujifanya wanakohoa, na mie nacheka nao, nifanyeje. Lakini jioni ile sikucheka. Nilijifungia nikalia, nikamwandikia mwanangu, "Nisamehe, nimekuharibia," maana mwanamke amekuja kwangu kunipima kama mimi ni mtu, nikamtolea chetezo mlangoni na juu ya hayo nikammalizia kahawa yake.

Asubuhi yake tulishushwa ufukweni. Nimekaa peke yangu, akaja akakaa pembeni yangu kwenye mchanga, akasema, "Mimi nimewahi kufukuzwa nyumba za watu. Lakini sijapata kufukuzwa pamoja na meli nzima."

Nikaanza kuapa, wallahi, billahi, akaniwekea mkono gotini. "Nyamaza. Ulisema ni chako, mbele ya umma wote ule. Mimi ningesema sikijui." Akacheka, na ndiyo mara ya kwanza kuyaona meno yake, akacheka mpaka shela ikamwanguka. Kisha akafuta macho akaniambia, "Tukirudi tutakuja kwenu Ibra, mimi na wazee. Lakini kahawa kwanza, skia? Kahawa kwanza." Mie furaha ile sijui niieleze vipi, nilimpigia Thuraya hapo hapo, nikasahau kwamba kwao ni usiku wa manane, na tukapiga vigelegele mie ufukweni na yeye kitandani.

Wakaja kweli, wanaume kwa wanawake, wakaposa, fatiha ikasomwa. Na mimi nilikuwa nimeshajiapia kwamba katika nyumba yangu udi hauonekani wala haunuki mpaka mgeni autake kwa mdomo wake. Wakanywa kahawa, wakala halwa, wakala biriani, wakanywa tena, asiri ikapita, magharibi wakasali wakarudi wakakaa. Mazungumzo yamekwisha. Abu Muhannad anasinzia. Mume wangu ananikonyeza, mie namkaribisha mtu tende. Isha ikaadhiniwa, wakasali, wakarudi wakakaa tena, kila mtu anamtazama mwenzake, mpaka Umm Muhannad akapiga mkono kwenye mto akasema, "Ya Umm Thuraya! Tumeshiba, tumeposa, tumechoka, na Adam ni mbali. Kwa haki ya Mungu tuletee udi twende zetu!"