Bi Sikuzani, aliyemchagulia mjukuu wake baridi

Saa mbili asubuhi, Goweko, mkoani Tabora. Bi Sikuzani Mabruki ameingiza mkono wa kushoto ndani ya ng'ombe mpaka karibu na bega, na simu yake inaita.

"Nishikie hiyo, Elieza, niwekee sikioni," anamwambia mwenye ng'ombe.

Elieza anacheka, anaifuta simu kwenye shati, anamwekea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Sema upesi, mkono wangu umo ndani ya ng'ombe wa watu."

Anayepiga ni mjukuu wake Mwanne, mwalimu wa miaka 28, aliyeko Dar es Salaam kutibiwa saratani ya titi. Dawa atakazopewa zinaweza kuharibu mayai yake ya uzazi. Madaktari wamempa wiki tatu tu avunwe mayai, yagandishwe, ili akipona aweze kuzaa.

Hospitali ziko mbili. Moja inampokea kesho, lakini mashine yake inashusha baridi polepole, kwa saa kadhaa. Nyingine inalitumbukiza yai kwenye baridi kali kwa mkupuo, ila nafasi ipo Jumatatu, siku sita mbele. Na sindano za kuyakuza mayai zenyewe zinakula karibu wiki mbili. Kitu kidogo kikichelewa, matibabu yanaanza na mayai hayajavunwa.

"Bibi, nichukue ya kesho?"

"Ngoja ninawe, nitakupigia."

Bi Sikuzani ana miaka 72 na ni mhimilishaji. Kazi yake ni kuwapandikizia ng'ombe mbegu za madume bora kwa mrija, na ameifanya tangu 1974, alipoajiriwa na serikali hapo Tabora mjini. Muulize habari za miaka ile uone anavyochangamka.

"Ukishuka kwenye lori, kijiji kizima kimeshajua. Ng'ombe wamekusanywa joshoni, kina mama wanakuletea maziwa kwenye kikombe cha bati, wazee wanakuuliza kama una mume," anasema. "Mimi na baiskeli yangu na chupa ya chai iliyojaa barafu, ndani yake kichupa cha mbegu. Basi. Nilijiona waziri."

Mbegu zenyewe zilichanganywa na kiini cha yai la kuku, zikakaa kwenye ubaridi bila kuganda. Zilidumu siku tatu.

Mwaka 1976 alipelekwa kijiji kimoja cha ujamaa huko Igunga. Wanakijiji walikuwa wameshahasi madume yao yote kwa ushauri wake, wakingoja ndama wa maziwa. Barafu ikamyeyukia njiani. Zahanati ya kijiji ilikuwa na friji la mafuta ya taa, naye akakisukuma kichupa hadi pale pa kugandishia.

"Mimi mtoto wa Gongoni, pale Tabora mjini, baba alikuwa mpishi wa hoteli. Nyama iliyoganda ndiyo iliyokuwa inakaa bila kuoza. Nikaona baridi ikizidi ndiyo usalama."

Asubuhi akaziyeyusha, akahudumia ng'ombe 41. Wiki tatu baadaye wote wakataka dume tena. Hakuna hata mmoja aliyeshika.

Safari iliyofuata hapakuwa na maziwa. Mzee Luhende, mfugaji wa pale, alimpokea mbele ya watu wote. "Binti wa mjini, ng'ombe wetu maji ya friji wanayanywa kwa mdomo."

Watu walicheka, yeye akalia nyuma ya lori. Mwaka ule kijiji hakikupata ndama.

Bosi wake, Silasi, hakumfukuza. Alimwekea tone la zile mbegu kwenye hadubini aangalie mwenyewe. Hakuna kilichotikisika. "Maji yakiganda polepole yanafanya miiba ya barafu, Sikuzani," alimwambia. "Inatoboa kutoka ndani."

Kwa hiyo pale Goweko, alipomaliza kunawa, alimpigia Mwanne na kumtuma aziulize hospitali zote mbili swali moja: katika mayai kumi, mangapi yanaamka hai?

Jibu lilirudi mchana. Ya kesho ilisema labda sita. Ya Jumatatu ilisema manane, hata tisa.

"Yai ni kubwa kuliko mbegu, limejaa maji," alimweleza mjukuu wake. "Hao wa Jumatatu wanalinyonya maji, wanalitia dawa, wanalitumbukiza. Linakuwa kama kioo kabla barafu haijapata nafasi. Subiri."

"Na siku zikinibana, bibi?"

"Zitakubana. Subiri hivyo hivyo."

Sasa anakiri kwamba baada ya kukata simu aliogopa. "Siku sita nazihesabu moja moja. Nikasema, nikikosea tena, safari hii si ng'ombe wa Luhende. Ni huyu."

Siku ya ishirini Mwanne alivunwa mayai kumi na moja. Matibabu yakaanza kwa ratiba ileile. Nywele zimeshadondoka, sauti bado anayo ya kumtania bibi yake. Kama mayai yataamka, daktari alisema wazi kwamba hilo hawezi kuliahidi.

Mwezi ujao Bi Sikuzani anapanda treni kwenda Dar. Atamuona Mwanne kwanza, halafu Mwanne ampeleke hospitali akaonyeshwe mtungi wa naitrojeni, kimiminika cha baridi kali yalimohifadhiwa mayai yake.

"Naitrojeni inapungua yenyewe, hata usipoufungua mtungi, na ikiisha yanayeyuka," anasema. "Nataka nimjue anayeongeza. Nimuulize anaongeza siku gani. Na siku ya Idi, na siku ya Krismasi, nani anaongeza."