Mkono Wangu kwa Jina la Mama

Sijapata kumwamini mtu anayetaka kunishika mkono kabla hajanisalimia. Ndiyo maana ilipotangazwa kanisani kwamba dresa wa serikali, yaani msaidizi wa daktari, atapita kijijini kwetu, upande wa Bukene, kupima damu za watu wazima, nilimchukia kabla sijamwona. Enzi hizo za Mwingereza tulikwisha kuhesabiwa nyumba, ng'ombe na vichwa. Sasa damu? Kila mtu alizijua habari za mumiani, wanyonya damu za watu ili watengenezee dawa. Mimi nilizijua kuliko wote, na nilizisambaza.

Mama alikuwa akiumwa kichwa tangu mavuno. Kilimgonga kisogoni, na mara nyingine aliona vimulimuli mchana kweupe. Mzee mmoja alimpiga chuku mara tatu, akamtoa damu kwa pembe lake, na hakuna aliyemshuku. Baba alikwisha kufa, nami sikuwa na ndugu. Niliogopa sana kubaki bila mama.

"Nenda wewe," aliniambia. "Sema ndiye mimi."

Hatukuona ajabu. Kwetu mgonjwa si lazima aende mwenyewe kupigiwa ramli. Hukitemea kifaranga mate mdomoni, mtoto wake akakipeleka, na mganga akikipasua huuona ugonjwa wa yule aliyebaki nyumbani. Basi mimi niliyetoka tumboni mwake nishindwe na kuku?

Nilikwenda nimejitanda kanga hadi puani. Dresa alikuwa mtu wa mjini Tabora, viatu vinang'aa, na hakuinua uso kunitazama. Alinizungushia mkononi kitambaa chenye mpira ndani, akakijaza upepo mpaka vidole vikafa ganzi. Muda wote niliitafuta sindano kwa macho. Haikutokea, nami nikazidi kumshuku.

"Mama, wewe mzima," alisema, akaandika jina la mama yangu kwenye karatasi. "Damu yako inakwenda vizuri."

Mama aliifunga karatasi ile kwenye pindo la kanga. Tangu siku hiyo kichwa kilipomgonga alisema ni jua tu, akachukua jembe. Hata chuku aliacha. Mimi nilifurahi, tena nilijiona mjanja.

Mvua za kwanza zilipoanza, alianguka akiwa anapiga matuta. Tulimkuta mdomo umepinda na mkono wa kulia haujiwezi. Dresa alikuwa ameonekana stesheni, tukamwita. Alikuja mikono mitupu, sanduku lake la kupimia limetangulia Nzega. Akaifungua karatasi, akaisoma.

"Huyu ndiye niliyempima?"

Nilivitazama viatu vyake. Nikawaza pingu. Nikawaza kwamba swali lenyewe ni mtego, kwamba mtu huyu tangu mwanzo alikuwa akitafuta pa kunikamata.

"Ndiye," nikasema.

"Una hakika, dada?"

"Ni mama yangu. Nitamsahau?"

Akaisoma karatasi tena.

"Basi si presha. Itakuwa malaria imempanda kichwani."

Akatoa chupa ya kwinini mfukoni. Mama alinikazia jicho moja, akajitahidi kusema, ikatoka sauti isiyo na neno. Dresa aliniuliza anasema nini. Nikajibu kwamba anaomba dawa, nikamwinua kichwa, nikamnywesha mwenyewe.