Uso wa Meneja Katikati ya Ukurasa

Dorca Amolo alikuwa na ugonjwa ambao haukuhitaji daktari kuutambua: hakuweza kuvumilia kitu kilichokaa upande. Ukimkaribisha chai nyumbani kwako, mtaani Migosi, kabla hajaketi alikuwa ameshaning'iniza upya kalenda yako ukutani na kukutazama kwa huruma. Ugonjwa huo aliupata miaka ya themanini, alipokuwa akipanga kadi za harusi na ratiba za mazishi katika duka dogo la uchapaji mjini Kisumu.

Mwaka 1998 alikuwa karani wa kompyuta kwenye kiwanda cha minofu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, na kiwanda kikaamua kuwa na tovuti. Sababu ilikuwa nzito. Meneja mkuu, Bwana Absalom Oduor, alikuwa amehudhuria semina Nairobi na kurudi na kalamu ya bure na neno "intaneti". Mwenye kiwanda, Mzee Shashikant, aliuliza kama hiyo intaneti inauza samaki. Akaambiwa itauza mpaka Uholanzi. Akakubali, kama mtu anavyokubali sindano.

Dorca alijifunza kutengeneza kurasa kwa kitabu cha kuazima na ukaidi wa kuzaliwa nao. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na maandishi yaliyoanzia kushoto, mistari mifupi, na nafasi nyeupe ya kupumulia upande wa kulia. Aliutazama akatabasamu peke yake. Kosa lake lilikuwa kuupeleka kwenye kikao.

"Mbona kila kitu kimekimbilia kushoto?" aliuliza Oduor. "Huku kulia watu wamehama?"

"Jicho linaanzia kushoto, Bwana Meneja. Likimaliza mstari linajua pa kurudi. Ukiweka katikati, kila mstari unaanza mahali pake, na msomaji anatafuta njia kama mlevi."

"Dorca, kwetu mtu mkubwa haketi kando. Mambo ya maana yanakaa katikati."

Hiyo ilikuwa hoja ya kisayansi, na hakuna aliyethubutu kuipinga. Beldina Adero, mkuu wa fedha, akakumbuka kwamba tarakimu huegemea kulia, kwa hiyo idara yake ikae kulia. Walter, mkuu wa uzalishaji, hakuwa na maoni, lakini aliona haya kutoka kikaoni bila maoni. Akaomba aya yake inyooshwe pande zote mbili kama ya gazeti. Kompyuta ilitii. Ili kujaza mstari, ikatawanya maneno mpaka kati ya "samaki" na "safi" pangeweza kupita mtumbwi.

"Na picha?" Dorca aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa.

"Yangu," alisema Oduor kwa unyenyekevu. "Kubwa. Juu kabisa."

Tovuti ikazinduliwa kwa soda na sala.

Haikupita wiki, faksi ikaingia kutoka kwa mnunuzi wao Mholanzi. Beldina aliisoma kwa sauti mbele ya wote. Mnunuzi alisema amefungua tovuti na kusubiri mpaka kahawa yake ikapoa. Polepole, mstari baada ya mstari, kikamteremkia kitu cha kahawia, cha mviringo, kinachong'aa, halafu mawasiliano yakakatika. Aliwapongeza kwa kuingia katika biashara ya utalii, akauliza jina la mwamba ule mzuri.

Lilikuwa paji la uso la Oduor. Picha ilikatika kabla ya kufika kwenye nyusi.

Hakuna aliyecheka. Walter alikohoa kwa muda mrefu sana. Dorca aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo hakuwa ameiangusha.

"Anasema nini tena?" aliuliza Mzee Shashikant.

"Anasema alitaka kutupigia simu, Mzee, lakini hakuona namba."

"Namba iko wapi?"

Dorca alifungua ukurasa kwenye kompyuta, akashuka chini, akashuka tena. Hakuna namba. Muda wote alioupigania ukingo wa kushoto, hata yeye hakukumbuka kuweka namba ya simu. Masikio yalimwaka moto.

"Unaona!" Oduor aliruka. "Hayo ndiyo matokeo ya kushoto!" Ukurasa wenyewe ulikuwa umepoteza kushoto kwake siku nyingi.

"Nyamaza, Oduor," alisema Mzee Shashikant. "Mtu anataka samaki, nyinyi napa yeye paji la uso. Dorca, toa uso, weka samaki. Namba juu. Maneno weka pale mtu nasoma bila kuumwa kichwa."

Dorca alirekebisha alasiri hiyo hiyo. Namba ikatangulia, akafuata samaki mmoja, kisha maneno, yote yakianzia kushoto. Ushindi alioungoja haukuwa mtamu. Kila akiutazama ukurasa alikiona kwanza kile alichokisahau. Mholanzi alipiga simu, akaagiza minofu. Kufikia Krismasi, Oduor alikuwa akiwaeleza wageni jinsi alivyoshauri maandishi yaanzie kushoto.

"Na wewe unanyamaza tu?" Beldina alimuuliza Dorca.

"Ukurasa umenyooka. Aseme anachotaka."

Mwaka uliofuata aliacha kazi, akafungua chumba kidogo karibu na njia panda ya Mamboleo, akawa anawatengenezea watu kadi na, mara mojamoja, tovuti. Wateja wanataka kila kitu katikati, na maua ya waridi kwenye pembe zote. Dorca hubishana nao kidogo, kwa heshima ya taaluma, kisha huwapa waridi zao.