Mlango Uliotangulia Nyumba

Siku shangazi yangu Mwanakombo alipoachwa na Mwinjuma, hakuililia talaka. Huyo alikuwa mume wa pili, na talaka haikuwa ngeni kwake. Alililia maneno mawili tu. Mwinjuma alisimama ukumbini mbele ya wageni waliokuja kula wali, akanyoosha mkono, akasema, "Toka kwangu." Shangazi alikuwa ameikandika nyumba ile kwa mikono yake, akaifagia asubuhi na jioni, kumbe miaka yote alikuwa mgeni. Akatoka na sanduku, mkeka na sufuria mbili. Akanichukua mimi, yatima wa kaka yake, tukapanga chumba Ilala kwa Bibi Hija.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita vya pili vimekwisha si muda. Wiki ya kwanza haijaisha, shangazi alipita Uhindini akakuta mafundi wanabomoa nyumba kuukuu. Mlango wake ulikuwa umelazwa kando ya barabara: mbao za mninga, mpana, mzito, hauna nakshi hata moja, na komeo la chuma kwa ndani. Shangazi akalijaribu lile komeo. Likaenda, likarudi. Akauza mkufu wake wa dhahabu, akaununua mlango.

Ilala nzima ilicheka. "Mwanakombo kanunua mlango! Nyumba iko wapi?" Wengine wakasema Mwinjuma kamtia wazimu. Nami nasema mpaka leo, watu wale walikuwa na maneno kuliko kazi, na wengi wao walikufa wapangaji.

Mlango ukaishi nasi chumbani. Tuliulaza juu ya matofali, ukawa meza ya kupangia vitumbua ambavyo shangazi aliviuza nje ya karakana ya reli. Masika, sakafu ikitoa maji, tulilala juu yake. Bibi Hija akichungulia alikuwa akisema, "Mwanakombo, nimekupangisha wewe na mtoto. Huyu wa tatu mbona halipi kodi?"

Hakuwa mtu mbaya, ila nyumba yake ilikuwa yake. Siku moja shangazi alikuwa ukumbini anapeta mchele, mtu akabisha hodi mlango wa mbele, naye akaitikia "Karibu" bila kufikiri. Bibi Hija akatoka chumbani mbio.

"Nani kamkaribisha mtu nyumbani kwangu?"

Shangazi akainamia ungo wake. "Nisamehe, Bibi. Ulimi umeteleza."

Tangu siku hiyo, hata mtu akimjia yeye mwenyewe, shangazi alinyamaza akingoja mwenye nyumba aitikie. Nilikuwa nikimwona anavyoufumba mdomo, na iliniuma sana.

Marijani alitujia kwa sababu ya bawaba. Alikuwa seremala wa Kinondoni, amefiwa na mke, mpole, anayezungumza na mbao kuliko na watu. Alikuja kukaza bawaba ya mlango iliyolegea. Wiki iliyofuata akaja kuangalia kama imekaza. Wiki ya tatu akaja tena. Bawaba ya mlango usiofungwa popote yataka kuangaliwa mara ngapi? Mwishowe akasema kilichokuwa kinamleta.

"Mie nyumba ninayo, Bi Mwanakombo. Vyumba vinne, bati juu. Njoo na mlango wako, nitauweka mbele kabisa."

Shangazi alimpenda. Nalisema mimi kwa sababu yeye hakuwahi kulisema: alimwekea kando vile vitumbua vyenye kingo zilizokauka, alivyojua anavipenda, na hakuwauzia wengine hata wakivilipia zaidi. Lakini alitikisa kichwa.

"Nikija kwako, Marijani, nitakuwa kwako. Na siku ukiamka umekasirika?"

"Mie si Mwinjuma."

"Najua. Hata Mwinjuma hakuwa hivyo tulipooana."

Marijani akacheka kidogo, kisha akaacha. "Basi nikungoje mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayobisha hodi kwangu, nikuitikie mie mwenyewe."

Akangoja. Watu wakamwambia wanawake wako tele mjini, asijizeeshe bure kwa ajili ya mwenye mlango. Yeye akaendelea kuja kuangalia bawaba.

Nyumba ikatokea tusikotazamia. Gaudens, karani wa reli kutoka Bukoba, alikuwa mteja wetu wa vitumbua. Alikuwa amepata kiwanja Temeke akajenga: nguzo na fito, makuti juu, vyumba vya mbele vimekandikwa, vya nyuma bado. Kabla hajahamia, akapewa uhamisho wa Tabora.

"Mama," alimwambia shangazi, "ningependa kukuuzia wewe, maana umenilisha. Lakini naondoka Ijumaa, na kuna mwenye duka mmoja ana fedha yake mkononi."

Fedha ya shangazi ilikuwa kwenye upatu, na zamu yake ilikuwa bado mbali. Zamu ya mwezi ule ilikuwa ya Bibi Hija, aliyetaka kubadilisha paa lake linalovuja. Zamu ya mtu haiombwi, ni aibu. Shangazi hakuomba. Alirudi akaketi juu ya mlango wake, hakula, akawa anautelezesha mkono juu ya mbao kama anayebembeleza mtoto mgonjwa. Sikuweza kuvumilia. Nikaenda uani nikamwambia Bibi Hija yote, nikijua nitagombezwa.

Bibi Hija hakunigombeza. Alikuja akasimama mlangoni petu, mikono kiunoni.

"Chukua zamu yangu, nawe utanipa yako. Paa langu limevuja tangu marehemu mume wangu yuko hai, litavuja na masika haya. Ila huo mlango utoke kwangu, Mwanakombo! Nimechoka kujigonga kidole." Akaenda zake kabla hajashukuriwa.

Gaudens akalipwa fedha yake, akapanda treni. Kesho yake tukaufunga mlango juu ya mkokoteni wa hamali, shangazi akaufunika kwa mkeka jua lisiupasue. Tulipopita Keko, wanaume waliokuwa barazani wakanyamaza, wakasimama. Mmoja akauliza kwa heshima marehemu ni nani.

"Hajafa mtu," shangazi akajibu. "Nahamia kwangu."

Marijani alikuwa ametangulia Temeke na vifaa vyake. Akaupima mlango. Akapima uwazi wa nyumba. Akaupima mlango tena, akakuna kichwa. Mlango ulizidi kwa shibiri nzima, na sote tulikuwa tumesahau kuwa nyumba ile ilijengwa na mtu asiyeujua mlango wetu.

"Nitaupunguza pembeni," akasema. "Hata haitaonekana."

"Usiukate."

"Sasa tutaingiaje, Bi Mwanakombo?"

"Kata nyumba."

Marijani akamtazama, akautazama ukuta, akachukua panga. Akabomoa udongo, akaing'oa nguzo ya Gaudens, akaisogeza, akakata fito. Siku nzima alifanya kazi ile, akiingia na kutoka kwenye tundu lile, na shangazi akimpa maji. Alasiri mlango ukakaa.

Shangazi akaingia ndani, mimi nyuma yake, akaufunga. Komeo likaenda. Tukasimama ukumbini katika harufu ya udongo mbichi. Nje tulimsikia Marijani akikusanya misumari. Kisha sauti yake.

"Hodi."

Siku nzima alikuwa amepita pale bila kumwomba mtu ruhusa. Nikamtazama shangazi. Midomo yake ilitikisika, sauti haikutoka.

"Hodi," Marijani akarudia.

Nikafungua mdomo niitikie. Shangazi akaniinulia kiganja. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Nikaogopa, kwa kuwa mtu akibisha hodi mara tatu asiitikiwe, huondoka. Ndiyo adabu, na Marijani alikuwa mtu wa adabu. Angelibeba sanduku lake la vifaa arudi Kinondoni, akidhani hilo ndilo jibu.

"Hodi, wenyewe." Safari hii kwa sauti ndogo.

Tukasikia nyayo zikigeuka. Shangazi akalivuta komeo kwa mikono miwili, mlango ukafunguka.

"Karibu!" Ilitoka imepasuka, kubwa mno, mpaka jirani akachungulia. "Karibu, Marijani. Karibu kwangu."

Marijani akarudi. Akavua viatu kizingitini, ingawa sakafu ndani ilikuwa udongo mtupu.