Siku Mama Figo Alipovaa Nyota

Nilitunza stoo ya dawa katika hospitali ya jeshi kwa miaka kumi na tisa, na mimi si mwanajeshi. Ni raia tu niliyeajiriwa kuhesabu maboksi. Nasema mapema ili mtu asije akaniita afande, maana neno hilo nina ugomvi nalo.

Ninayetaka kumweleza ni kapteni mmoja, mwanamke, mfamasia wa wodini, ambaye wauguzi walimbatiza Mama Figo. Jina alilipata kwa haki. Daktari awe na haraka namna gani, awe ameshaanza kuandika dawa, yeye alikuwa anauliza: "Na figo zake zinasemaje?" Dawa nyingi hutolewa mwilini na figo, na figo zikichoka, dozi ya kila siku inaweza kugeuka sumu. Luteni mmoja, daktari kijana mwenye maringo, alimjibu siku moja, "Kapteni, mgonjwa apone kwanza, figo tutazisalimia baadaye." Mama Figo alimsogezea karatasi ya maabara. Luteni aliisoma, akafuta alichoandika, na tangu siku hiyo akimwona tu anatokea mwisho wa korido alianza kupekua faili kutafuta majibu ya figo.

Watu hudhani mfamasia ni yule wa dirishani anayekuhesabia vidonge na kukwambia kutwa mara tatu. Huyu alikuwa anazunguka wodi na madaktari kila asubuhi, anaangalia dawa ipi inagombana na ipi, nani apunguziwe, nani anakunywa kitu ambacho hakusema. Nyumbani alikuwa vilevile. Mume wake, mwalimu wa hisabati, mtu mpole asiyejua hata kugombana na kuku, alizoea kusema ameoa mpelelezi. Mama mkwe wake alikuwa anaficha vidonge vya presha chini ya godoro kwa sababu vinamkimbiza msalani. Mama Figo alimgundua bila kumpekua. Alikaa naye jikoni wakichambua mchele, wakapiga soga weee, mpaka bibi mwenyewe akajisema na wote wawili wakacheka.

Hospitalini alifanya hivyohivyo, ila huko kulikuwa na shida moja ambayo hospitali za raia hazina. Koplo akiulizwa na kapteni kama anaumwa, atajibu yuko imara, afande, hata mguu ukiwa unaning'inia. Wamefundishwa kujikaza kisabuni tangu siku ya kwanza. Anayelalamika anaondolewa kwenye kozi, anakosa safari, anachekwa bwenini. Basi Mama Figo, kabla ya kuingia wodini, alipitia stoo kwangu, akavua gwanda lenye nyota tatu mabegani, akavaa koti jeupe lisilo na kitu. Akifika kitandani anavuta kigoda, anakaa chini kuliko mgonjwa, anauliza habari za nyumbani kwanza. Yale maswali sita ya kwenye fomu anayosaini mgonjwa akiruhusiwa, yakiwemo ya dawa za kununua dukani, aliyaweka mwisho kabisa. Kanuni zilikataza afisa kuvua cheo kazini. Kanali, mkuu wa hospitali, alijua na akajifanya hajui, kwa kuwa wodi ile haikuwa imepoteza mtu kwa kosa la dawa kwa miaka sita.

Sasa nije kwenye siku yenyewe, ambayo ningeweza kuifuta ningeifuta.

Ilitangazwa kwamba jenerali anakuja kukagua. Kama hujawahi kuona ukaguzi wa jeshi, umekosa kichekesho. Wiki nzima tulipaka mawe chokaa. Mashuka mapya yalitoka kabatini, yakatandikwa, na wagonjwa wakaambiwa wasiyakunje. Wagonjwa! Mimi niliagizwa nipange maboksi kwa urefu, si kwa aina ya dawa, ili rafu zipendeze machoni. Nilibisha, nikaambiwa mzee acha ubishi. Na amri ikatoka kwamba siku hiyo kila afisa awe kwenye sare kamili, cheo mabegani, na wagonjwa wote wanaoweza kutembea waruhusiwe asubuhi ili wodi ionekane ina nafasi.

Kitanda cha kumi na nne alikuwepo koplo mmoja, kijana wa miaka ishirini na sita, mcheshi, aliyezoea kuwaigiza madaktari wanavyotembea. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa mguu wake, na alikuwa amepata nafuu. Alitakiwa kuondoka na vidonge vya kuzuia damu isigande tena. Ni dawa nzuri, lakini haina mchezo. Ukiichanganya na vidonge fulani vya maumivu, hivi hivi vinavyouzwa kila duka, tumbo linaweza kuanza kuvuja damu kwa ndani bila wewe kujua.

Mama Figo alifika kitandani pale saa tatu, amevaa sare kamili, viatu vinang'aa, nyota tatu kila bega. Nilikuwa nyuma yake na kisanduku cha dawa za kuondokea. Koplo alipomwona alisimama wima, mikono ubavuni. Kigoda hakikuwepo, vigoda vyote vilikuwa vimefungiwa chumba cha mifagio visiharibu sura ya wodi. Basi akamuuliza akiwa amesimama, mbele ya muuguzi mkuu na sajini wa kikosi chake aliyekuja kumchukua.

"Unatumia dawa nyingine yoyote? Za maumivu? Za kununua dukani?"

"Hapana, afande!"

"Una uhakika?"

"Ndiyo, afande!"

Koplo akasaini fomu. Nilimwona Mama Figo anamtazama usoni kidogo zaidi ya kawaida. Tulipotokea koridoni aliniambia, "Mzee, yule hajanijibu. Nikimaliza na huyu mgeni, navua hili gwanda narudi kukaa naye."

Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Kapteni, achana na hayo kwa leo. Mgeni yuko getini. Kijana si amesaini?"

Jenerali alikaa famasi dakika arobaini. Alizisifu rafu zangu. Alipotoka, Mama Figo alikimbia kwelikweli, na viatu vyake vile, mpaka wodini. Gari la kikosi lilikuwa limeondoka na koplo robo saa kabla. Alipiga simu kikosini, akaacha ujumbe kwamba koplo ampigie. Ujumbe ule ulipokelewa na sajini, na sajini akamwambia kijana, "Kapteni wa hospitali anataka kujua kama unakunywa madawa ya kienyeji," wakacheka, yakaishia hapo.

Koplo alitakiwa kurudi Jumatatu kupimwa damu. Aliletwa Ijumaa, saa nne asubuhi, anatapika damu. Mwenzake wa bwenini ndiye aliyesema ukweli, analia, hajali nani ana cheo gani. Goti lilikuwa linamsumbua koplo kwa miezi minne. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kozi ya ukufunzi, na kozi ina mbio za kilomita kumi na tano. Alikuwa anameza vidonge vya maumivu viwili viwili, asubuhi na jioni, anavificha ndani ya soksi.

Mama Figo alimchoma sindano ya kurudisha nguvu ya damu kuganda kwa mkono wake. Tulipeleka chupa sita za damu. Luteni yule wa maringo alifanya kazi mpaka shati lililowa mgongo mzima. Saa saba na nusu mchana kijana akakata roho, na kitu cha mwisho alichosema, nilikuwepo, ni "Samahani, afande." Alimwambia Mama Figo. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye mawe yetu yenye chokaa nikalia mpaka nikaona aibu.

Bodi ya uchunguzi ikaundwa. Kanali alimwita Mama Figo pembeni akamwambia kwa nia njema, "Karatasi inakulinda. Uliuliza, alijibu, alisaini. Usiongeze neno." Yeye aliongeza kurasa tatu. Aliandika kwamba alijua jibu lile si jibu, kwamba alimuuliza mtu aliyesimama wima mbele ya sajini wake, kwamba siku nyingine zote yeye huvua gwanda kwanza ndipo auulize, kwamba kijana asingeweza kusema. Bodi ikampa onyo kali kwa kuvunja kanuni ya sare kwa miaka yote ile, maana sasa alikuwa amekiri mwenyewe, na ikamwondoa wodini ikamweka dirishani. Kutwa mara tatu. Kutwa mara mbili. Nilipomwonea huruma alinikatisha.

"Dirisha si kitu, mzee. Umesoma walichoandika kumhusu?"

Nilikuwa nimesoma. Kwenye matokeo ya uchunguzi kulikuwa na mstari mmoja: *Marehemu alitoa taarifa ya uongo kwa afisa.* Kurasa zake tatu zilikuwa zimewekwa nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna anayefika. Mstari ule ndio aliokuwa anapigania ufutwe, na ulimnyima usingizi na chakula mpaka mume wake akanipigia simu kuniuliza nini kinaendelea. Hakutaka kijana yule afike kwa mama yake akiwa mwongo.

Mama mwenyewe alikuja mwezi uliofuata kuchukua begi la mwanawe. Mwanamke mfupi, amejifunga kitambaa cheusi, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Alipokelewa ofisini kwa Kanali, nami niliitwa nipeleke fomu iliyosainiwa. Mama Figo hakuitwa. Alifunga dirisha, watu wako kwenye foleni, akanifuata.

Kanali alimsomea mama yule matokeo kwa sauti ya chini, kwa heshima, habari za goti na vidonge vya kwenye soksi, na alipofika kwenye ule mstari alitaka kuuruka. Nilimwona. Lakini mama alikuwa amenyoosha shingo, anaufuata kwa macho.

"Hapo umeruka," akasema. "Kambini nimeshaambiwa. Wamesema mwanangu alidanganya, ndiyo maana akafa. Mimi sikuja kugombana, baba. Nataka kujua tu kama ni kweli."

Kanali akafungua mdomo, na Mama Figo akawahi. Alipiga magoti pale kwenye zulia, kapteni mzima, akamshika mama yule mikono.

"Mama, aliyemuuliza ni mimi. Nilimuuliza vibaya. Nilikuwa nimesimama juu yake na vyeo vyangu, na mkubwa wake yuko pembeni anasikiliza. Askari hawezi kusema naumwa hapo. Nilijua kwamba hawezi, nikaondoka. Mwanao hakuwa mwongo. Sisi ndio tuliomfungia mlango."

"Kapteni," Kanali akasema, lakini kwa sauti iliyochoka, na hakuendelea.

Nilidhani mama atapiga kelele, au atamsukuma. Ningemwelewa. Badala yake alivisugua vidole vya Mama Figo bila kujua anavisugua, kama mtu anayempasha mtoto joto. Kisha akauliza, "Goti lilimuuma tangu lini?"

"Mwenzake alisema miezi minne."

"Miezi minne," akarudia. Akaanza kuhesabu kwa midomo, wiki baada ya wiki. "Alikuwa ananipigia kila Jumapili. Kila Jumapili nilimuuliza, hujambo mwanangu, mwili mzima? Akaniambia mimi mzima, mama, nimenenepa hata. Nikacheka." Akamtazama Mama Figo. "Mimi sikusimama juu yake. Mimi ni mama yake. Mbona na mimi hakuniambia?"

Mama Figo alikuwa ameingia pale kumpa mama huyu kitu kimoja, jina safi la mwanawe, na nilimwona usoni anatambua kwamba katika kumpa hicho amemwachia kingine cha kubeba. Machozi yakaanza kumtoka. Kwa siku zote zile, hata siku ya kifo, sikuwa nimemwona analia.

Mama akafungua mkoba, akatoa simu ndogo, akaishika kiganjani.

"Nina mdogo wake. Ameingia jeshini mwezi wa pili, naye hupiga Jumapili. Naye ananiambia ni mzima." Akainama karibu na uso wa Mama Figo, akateremsha sauti, anaomba. "Wewe umesomea mambo haya, mwanangu. Kesho atapiga. Nimuulizeje?"

Mama Figo alitikisa kichwa.

"Sijui, mama," akasema.

Mama hakuiweka simu. Aliendelea kumtazama, akingoja amfundishe.