Gemu Mbili za Kunyemelea na Gunia Langu la Mbegu

Mpunga wangu wa mbegu ulikuwa unapungua ghalani mchana kweupe, walinzi wawili wakiwa kazini, na hakuna aliyemwona mwizi.

Walinzi wenyewe ni mabingwa wa kunyemelea. Ubingwa wao waliupata kwenye plesteshoni.

Naandika kwa simu, polepole. Darasa la nne ndio mwisho wangu, mkikuta kosa lirukeni.

Niko hapa Garsen na wajukuu wangu, Ishmael na dadake Tamar. Wamemaliza sekondari, wanangoja kuitwa chuo. Wakingoja, wanaua watu kwenye televisheni.

Kila mmoja ana gemu yake, na ubishi hauishi.

Ya Tamar ina mtu wa kofia ya kufunika uso. Anapanda mnara, anajirusha, anaangukia majani makavu, anainuka bila hata kupangusa nguo. Kisha anakatiza sokoni na kofia yake ile, na askari wanaona mtu wa kawaida tu.

Ya Ishmael ina mwanajeshi mzima anayetambaa gizani. Anapasua taa kwanza, ndipo anamkaba mlinzi. Mlinzi wa pili anamkuta mwenzake kalala chini, anasema labda ni upepo, anaenda zake.

"Yako ya tumbili," Ishmael anamwambia dadake. "Kupanda, kuruka, kupanda."

"Na yako ya kenge. Tangu asubuhi uko na tumbo chini."

"Nyanya, amua. Ipi kali?"

"Ile ambayo ndani yake kuna mtu anafagia uwanja," nikasema.

Wakacheka. Uwanja ukabaki vile vile.

Sasa hiyo mbegu. Ni ule mpunga wetu wa zamani, unaovumilia mto Tana ukifurika. Dukani haupo. Mafuriko yalibeba ya majirani, kwangu likabaki gunia moja. Maji yalikuwa yanashuka, shamba linangoja. Gunia likiisha, mwaka mzima tunakula cha msaada.

Na kila nikilipapasa, limelegea zaidi.

Tundu la panya hakuna. Usiku nalala mlangoni pa ghala. Basi mwizi ni wa mchana.

"Tuachie sisi, Nyanya," Tamar akasema. "Hii ndio kazi yetu."

Akavaa sweta yenye kofia, katika jua hili la Garsen, akapanda paa la jiko. Ishmael akajipaka masizi ya sufuria usoni, masizi yale yale ambayo kuyasugua hataki, akajilaza chini ya turubai kando ya ghala.

Siku hiyo walikamata mtu kweli.

Turubai lilisogea, Tamar akaruka kutoka paani, akamwangukia kakake mgongoni. Majani makavu hatukuwa tumemtandikia. Mmoja akachechemea, mwingine akashika kiuno.

"Labda ni upepo," nikawaambia.

Wakarudi maficho yao. Wageni nao wakaendelea kuja, maana nyumba yangu haifungiwi watu. Mmoja ni Josephine. Jina si lake, lakini akisoma atajijua. Tunaimba naye kwaya ya akina mama.

"Hodi, Mama Komora. Nimefuata zile pumba za kuku."

"Karibu. Ingia ghalani ujichotee, mimi naweka chai."

Chai tukanywa. Nikamweleza habari za mwizi, akasikitika mpaka akaombea mkono wa huyo mtu ukauke.

Kisha akasema, "Njoo unitwike, mama."

Huku kwetu mwanamke humwachi apambane na mzigo peke yake. Nikashika karai upande mmoja, tukainua, nikamwekea kichwani. Kiuno kikalia. Nikajisemea, uzee huo.

Safari iliyofuata, Tamar alishuka paani kunisaidia kumtwika. Akamwambia, "Pole na mzigo, Aunti," akarudi juu kumvizia mwizi.

Asubuhi moja nikawapelekea kuku wangu pumba, karai lile lile nililozoea kumwazima Josephine, limejaa. Nikalibeba kwa mkono mmoja.

Nikasimama pale uwanjani, kuku wananidonoa miguu.

Kiuno gani hiki kinachozeeka Josephine akija tu?

Alipokuja tena, nilimwacha achote, nikamnywesha chai, nikainama kumtwika kama kawaida. Karai likagoma.

"Tua kwanza, mwanangu."

Nikazamisha mkono kwenye pumba. Chini yake, mpunga wangu.

Tamar akateremka paani. Ishmael akatoka kwenye turubai na masizi yake.

"Yangu yote ilikwenda na maji," Josephine akasema, macho chini. "Niliona haya kuomba."

"Pumba uliweza kuomba."

Nikamwaga mpunga wote kwenye gunia langu. Kisha nikampimia mwingine, wa kutosha kipande chake cha shamba, kila mtu akiona. Ana watoto, na Tana haikumuuliza.

Akainama kwenye karai, akaniangalia, akingoja.

"Jitwike," nikamwambia.

Basi, wapenzi wa gemu, jibu langu ni hili. Zote mbili ni bure. Mnapanda minara, mnapasua taa, na humo ndani hamna hata mtu mmoja anayepiga hodi.

Ukiibiwa, usianze na aliyejificha. Anza na yule uliyemsindikiza mpaka njiani.

Na uwanja, mpaka naandika haya, haujafagiwa.